Mbonyeo Mbele ya Mlango wa Tatu

Mimi si mtu mwepesi wa kushukuru. Muulize mke wangu, atakwambia, na akianza kukwambia tafuta kiti kabisa maana hamalizi leo. Miaka arubaini nimesugua sakafu za terazo, zile za saruji na kokoto zinazosagwa hadi zing'ae, nimeinama juu ya mashine yenye mawe ya kusagia, na kazi ile humfundisha mtu kuona kasoro kabla ya kuona kitu kingine chochote. Nikiingia nyumba ya watu siangalii picha ukutani wala nani kavaa nini. Naangalia chini. Nikikuta sakafu imekaa sawa, nanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kusifu kwangu.

Kwa hiyo nikikwambia kuna daktari mmoja, mwanamke wa umri wa binti yangu, ambaye namshukuru asubuhi na jioni, usidhani ni maneno ya adabu tu.

Yalianza kwenye ngazi. Binti yetu anakaa ghorofa ya pili, vipandio ishirini na sita, navijua kwa idadi kwa sababu nilivisugua mwenyewe. Mwaka juzi nikaanza kupumzika kwenye kipandio cha kumi. Halafu cha sita. Kifua kinabana kama mtu ameniwekea mfuko wa saruji, mkono wa kushoto unaingia ganzi, nami nimesimama pale najifanya nakagua kazi yangu.

"Baba, unakagua nini kila ukija?" binti ananiuliza kutoka juu.

Namwambia ukingo umeanza kulika. Mke wangu yuko nyuma yangu, ananiangalia kisogo. Yule hadanganyiki, ila mbele ya mtoto alinisitiri.

"Mficha maradhi," akaniambia tulipofika nyumbani, wala hakumalizia. Methali ile ukiisikia nusu inatosha.

Hospitali nikapimwa, nikaambiwa mishipa inayoulisha moyo imeziba, na mmoja umeziba vibaya. Wakasema dawa yake si kubwa. Waya mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa mkono, unapanda hadi kwenye moyo, kisha puto dogo linajazwa pale palipoziba ili papanuke, na wanaacha kibomba cha wavu wa chuma kipashikilie. Mtu anarudi nyumbani kesho yake. Nikasema haya.

Daktari ndiye huyo ninayemsema. Maneno machache, sauti ya chini, mikono midogo. Nilipomwona mara ya kwanza nikajisemea, huyu hata ndoo ya zege hawezi kuinyanyua. Mungu anisamehe.

Siku hiyo puto liligoma. Nilikuwa macho, maana hawakulazi usingizi, wanatia ganzi pale mkononi tu, na nilisikia wanajaribu mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha wakaacha. Daktari akaja akainama karibu na sikio langu.

"Mzee wangu, puto limekataa kufunguka. Mshipa wako umejaa chokaa pande zote. Umekuwa kama jiwe."

"Kama jiwe, au ni jiwe?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Ni jiwe."

Nilimpenda pale, kwa kunijibu vile.

Tukapelekwa kwa wapasuaji, wale wa kufungua kifua. Wakapima mapafu yangu wakatikisa vichwa. Enzi za ujana wetu tulisugua pakavu, barakoa hakuna, ukikohoa unaambiwa kunywa maziwa. Vumbi lote lile nilikuwa bado nalo. Wakasema mtu mwenye mapafu haya wakimlaza kwa upasuaji mkubwa huenda asiamke. Ikabaki njia moja, na daktari akatuchorea kwenye karatasi: waya, na juu ya waya kichwa kidogo kuliko punje ya uwele, kimepakwa chembe za almasi, kinazunguka mara laki moja na sitini elfu kwa dakika. Kinausaga ule ugumu wa chokaa hadi puto lipate pa kufungukia.

Mke wangu akauliza unga wake unakwenda wapi. Yeye amefagia vumbi langu miaka yote hiyo, lazima aulize. Daktari akamwambia unga wenyewe ni laini kuliko hata chembe za damu, unasafiri na damu, na mwili unausafisha.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Niliposikia neno kusaga, basi. Nikasema hapana, na nikaendelea kusema hapana miezi mitatu.

Sasa nikwambie sababu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Korido ya hospitali ile niliisugua mimi. Miaka thelathini iliyopita, mita sitini, kokoto nyeupe na nyeusi, kazi ya kujivunia mbele ya mtu yeyote. Siku ya mwisho kilibaki kipande mbele ya mlango wa tatu, ambao wakati ule ulikuwa wa stoo ya mashuka. Kesho yake wakubwa wanakuja kufungua jengo. Sasa mashine ya terazo, ukitaka iume haraka, unaiongezea uzito juu. Kila fundi anajua hivyo, na kila fundi anajua haifai. Nikaipandishia mfuko wa saruji, nikashika mpini kwa mkono mmoja, nikageuka kubishana mpira na fundi rangi.

Mashine ikibanwa hushusha sauti. Inaacha kuimba, inaanza kunguruma, na fundi mwenye masikio anaiondoa hapo hapo. Mimi nilikuwa natetea timu yangu. Nilipogeuka, imeshakula.

Si shimo la kuvunja mtu mguu. Ni mbonyeo tu, upana wa sinia, kina cha kidole cha mwisho kikilazwa. Lakini jiwe likishaliwa halirudi. Nikapaka nta hadi pakang'aa kuliko kwingine kote, na kesho yake wakubwa wakapita juu yake na viatu vyao vizuri wakinipongeza. Nikapokea pongezi. Tangu siku ile wasafishaji wakipiga deki maji husimama pale. Na stoo ya mashuka baadaye wakaigeuza kuwa chumba cha mishipa ya moyo, kwa hiyo kila mgonjwa anayesukumwa kuingia humo, gurudumu linazama kwenye mbonyeo wangu, kitanda kinaruka, na yeye mwenyewe hapo roho iko mkononi. Siku ya puto niliruka mimi. Yule anayesukuma vitanda akaniambia, "Pole mzee, hapa fundi alilala."

Nikamwambia ahsante.

Basi mtu aliyefanya hivyo kwenye sakafu, umwambie kwamba kuna mwenzake ataingiza mashine ndani ya mshipa wenye ukuta mwembamba kuliko ganda la yai. Sakafu ikiliwa unaipaka nta. Mimi nikitobolewa nitapakwa nini? Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu usiku na mchana, na mdomoni nasema tu sitaki, niacheni.

"Sikio la kufa," mke wangu anaanza.

"Halisikii dawa, najua," namalizia, na ugomvi unaanzia hapo.

Lakini hali ikawa inanitangulia. Kutoka chumbani hadi chooni nyumbani kwetu ni hatua kumi na nne, na mimi nikawa siwezi kuzimaliza bila kuegemea ukuta. Jumatatu moja nikakuta kigoda katikati ya njia. Nikakikalia, nikapumua, nikaendelea. Wiki iliyofuata vigoda vikawa viwili. Nikiwa nimekaa kwenye kile cha pili nikamsikia mke wangu jikoni anaosha vyombo polepole sana, sahani moja moja, bila kugonganisha, na mwanamke yule tangu nimuoe anaosha vyombo kama anapigana navyo. Nikachukua muda kuelewa. Alikuwa anaosha kimya ili asikie kama nimeanguka.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikamwita. "Mama watoto, nitafutie shati. Twende kwa daktari."

Kule nikatoa yote, mfuko wa saruji, mpira, nta, pongezi. Daktari alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu. Mke wangu ndiye aliyecheka hadi akashika meza.

"Miaka thelathini," akasema, akijifuta machozi. "Na mimi kila siku naambiwa deki langu lina michirizi."

Daktari akaniuliza, "Uzito uliongeza kwa nini?"

"Haraka."

"Na masikio yalikuwa wapi?"

"Kwenye mpira."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika dawa. "Hatari ipo, mzee wangu, sikufichi. Mshipa unaweza kuchanika. Hutokea kwa wachache, lakini hutokea. Ila mimi siongezi uzito. Nadonoa. Nagusa, natoka. Sekunde kumi na tano, ishirini, nazima, naacha moyo upumue, ndipo narudi. Sauti ikishuka natoka kwanza, kufikiri baadaye. Na kile kichwa kinauma kilicho kigumu tu. Mshipa ulio laini unabonyea, kinapita bila kuukwaruza."

Hilo la mwisho nikalielewa nusu, nusu nikamwachia yeye. Nikauliza kilichokuwa kinanisumbua hasa. "Itachukua muda gani?"

"Itakaochukua," akasema. "Siku hiyo nitakuwa na wewe tu. Sina haraka."

Nikaomba kalamu, nitie saini.

Asubuhi ile nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha magurudumu, nahesabu milango. Mke wangu alitembea kando hadi walipomzuia. Hakusema maneno makubwa. Alinifunga kifungo cha gauni la hospitali kilichofunguka, akasema, "Usimfundishe mwenzio kazi."

Msukuma kitanda alikuwa yule yule. Tulipokaribia mlango wa tatu akapunguza mwendo, akazunguka mbele, akainama, akanyanyua upande wa miguu yangu kwa mikono miwili.

"Una miaka mingapi unanyanyua hapa?" nikamuuliza.

"Kumi na mmoja, mzee. Mgongo wangu unapajua kuliko kitanda changu."

Hata hivyo gurudumu la nyuma likazama. Tuk. Kifua kikanichoma, na safari hii sikusema ahsante. Nikasema samahani. Akadhani naomba samahani kwa uzito wangu, akanihakikishia amebeba wazito zaidi.

Chumbani baridi, mwanga mweupe, kamera kubwa inazunguka juu ya kifua. Wakatia ganzi, wakaingiza waya. Pembeni alikaa mtu wa mashine, kazi yake kusoma sekunde na mizunguko kwa sauti. Nesi akanishika bega. Kisha nikaisikia.

Sauti nyembamba, ya juu, kama ile ya daktari wa meno lakini safi zaidi. Ilikuwa inaimba. Nikafumba macho, nikasikiliza kwa mwili mzima.

"Kumi," mtu wa mashine akasema. "Kumi na tano. Toka."

Kimya. Daktari akasubiri. Mimi ningekuwa nimerudi tayari, nakwambia kweli. Mkono wa fundi haupendi kukaa bure. Yeye alisubiri hadi nikaanza kujiuliza kama amesahau. Ndipo akarudi. Raundi ya pili ikaimba kama ya kwanza, akatoka, akasubiri tena.

Raundi ya tatu, sauti ikashuka.

Ilishuka kidogo mno, mtu mwingine asingeitambua, lakini haya ni masikio ya miaka arubaini. Niliijua ile sauti. Ndiyo iliyonipita nikiwa na mfuko wa saruji juu ya mashine na kazi nimeipa mgongo. Nikafungua mdomo niseme inua, na neno halijafika kwenye meno, sauti ikakatika. Alikuwa ameshatoka.

"Nimeisikia, mzee," daktari akasema, macho yake kwenye kioo cha picha. "Funga mdomo tu, nimeisikia."

Kisha akangoja, kirefu kuliko mara zote. Mtu wa mashine akamuuliza kama waendelee. Akasema, "Bado. Mzee apumzike."

Machozi yakanitoka, yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali. Sioni haya kusema. Sikujua bado kama nitapona, moyo wangu ulikuwa umebanwa na jiwe vile vile, lakini nilikuwa nimeshashukuru. Kuna mtu duniani amefika mahali pagumu, ameisikia mashine ikilalamika, na ameacha. Nesi akanifuta kwa shashi, akauliza kama naumia. Nikamwambia hapana, naendelea vizuri, mwambie asiharakishe.

Raundi ya nne. Ya tano. Ya sita ikaingia ikiimba na ikapita hadi mwisho ikiimba hivyo hivyo, haikwami popote, na mimi hiyo ninaijua, ndivyo mashine inavyopita mahali palipokwisha kunyooka.

"Imeisha," nikasema.

"Imeisha," daktari akasema, karibu kwa pamoja, na watu wa chumba kizima wakacheka.

Puto lilipojazwa kifua kilinibana nikauma meno. "Limefunguka lote," mtu wa mashine akasema. Wakaweka kibomba chao cha wavu. Daktari akavua glavu, akaja upande wa kichwa changu, na nilikuwa nimepanga hotuba nzima tangu nyumbani. Nikasema, "Mwanangu." Mengine yote yakapotea.

"Karibu tena, baba," akasema. "Ila si humu."

Nyumbani kitu cha kwanza nilitoa vile vigoda. Kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, nikavipitisha jikoni kuvipeleka uani. Mke wangu alikuwa na povu la sabuni hadi viwikoni. Akaniona napita, natembea moja kwa moja, sishiki ukuta, na akakaa yeye, chini sakafuni, akalia kwa sauti. Nikaweka vigoda chini nikakaa karibu naye. Baadaye akainuka akaendelea na vyombo, na alivigonga ile siku hadi jirani akauliza kuna nini.

Mwezi wa pili nikapanda vipandio ishirini na sita bila kusimama. Binti yetu alikuwa juu mlangoni, tayari na utani wake. Akanishika mikono tu.

Kumshukuru daktari kulinisumbua. Watu humpelekea matunda, vitambaa, kuku. Mimi najua kazi moja. Nikaenda kwa msimamizi wa majengo wa hospitali, nikamweleza bila kona ni nani aliyekula sakafu yake, nikaomba nirudishwe kazini kwa kipande kimoja. Daktari akatoa ruhusa kwa masharti: bila vumbi, bila mashine, na nikichoka nakaa. Nikamtafuta yule fundi rangi, mzee mwenzangu sasa, mabega bado anayo. Siku ambayo chumba hakina wagonjwa akauchimbua mbonyeo kwa tindo huku nikipamwagia maji vumbi lisiruke, na huku ananieleza kwamba timu yangu bado ni mbovu. Safari hii sikumjibu. Nikachanganya kokoto nyeupe na nyeusi kwa vipimo vile vile vya zamani, nikajaza, nikashindilia, tukafunika kwa bati hadi ikakauka.

Wiki iliyofuata nikasugua kwa mkono, kwa jiwe na maji. Dakika tano, napumzika. Dakika tano, napumzika. Kokoto mpya na za zamani zikaanza kulingana. Jumapili alasiri daktari akapita na begi lake begani, akasimama juu yangu.

"Unakandamiza, mzee?"

"Nadonoa, daktari."

Akachuchumaa na viatu vyake vya kazi, akapitisha kiganja kutoka sakafu ya zamani kwenda kwenye mpya, akarudisha, akapitisha tena. Mikono ile ile midogo. Kisha akainuka, akanigusa bega, akaenda zake bila kusema neno, na mimi sikuhitaji lingine.

Jumatatu asubuhi nilirudi kuchukua ndoo yangu. Msukuma kitanda alikuwa anakuja na mgonjwa, mama mmoja wa makamo, ameshika vyuma vya kitanda hadi vidole vimekuwa vyeupe, macho juu kwenye dari. Mbele ya mlango wa tatu msukuma kitanda akapunguza mwendo, akazunguka mbele, akainama kunyanyua.

"Usinyanyue," nikamwambia. "Pita tu."

Akaangalia chini. Akaniangalia mimi, na jiwe langu, na ndoo. "Kumbe fundi ameamka," akasema, akarudi nyuma, akasukuma.

Nilitega sikio. Gurudumu la mbele likapita, la nyuma likapita, na sikusikia kitu.

"Tumefika?" yule mama akauliza. Alikuwa anasubiri kitu kibaya kitokee, kama nilivyosubiri mimi.

"Mmefika, mama," nikamwambia. "Na huyo aliyemo humo ndani hana haraka."